Golikipa wa Stoo

Nianze na hili ili tusije tukagombana njiani: huyu ninayemsimulia ni wifi yangu, mke wa kaka yangu ambaye tumefuatana ziwa, na mimi si mtu wa kusifia mawifi. Mawifi wakipatana, majirani hujiuliza kuna nini. Siku alipoletwa kwetu mara ya kwanza alikaa kwenye kochi la mama, akanywa chai ya chupa nzima peke yake, halafu akauliza kama kuna nyingine. Nikasema moyoni, hapa kaka amejitakia. Lakini haki ni haki. Mtu akifanya jambo la maana sharti asemwe, hata kama ni wifi, hata kama alinimalizia chai.

Tunafanya kazi duka moja, duka kubwa la kujihudumia lenye matoroli mlangoni na muziki wa spika usiokwisha. Mimi niko kaunta, kwenye mashine ya kulipia, napokea watu wenye haraka na watu wenye maneno. Yeye yuko nyuma, stoo. Ukiyapita majokofu ya maziwa unakutana na pazia la vipande vya plastiki, vimekwaruzika mpaka havionyeshi kitu. Ukilipenya hilo, umeingia kwake. Rafu za chuma zimepanda mpaka karibu na dari, na kila ngazi ya rafu imebeba paleti, yale majukwaa ya mbao yanayopangwa katoni juu yake na kuzungushiwa nailoni. Taa moja ya kule mwisho inapepesa tangu nianze kazi. Pananukia sabuni, maboksi na vumbi, na hata wakati wa joto kali sakafu yake ni ya baridi.

Jina lake la pale ni Golikipa, wala halikubandikwa bure. Shuleni alikaa golini kwenye timu ya wasichana, na mikono ile haikustaafu. Siku yake ya kwanza dukani alikuwa anapanga shelfu ya jemu, mteja mmoja akapita na mkoba mpana, mkoba ukaikumba chupa. Sote tuliiona ikienda. Wifi yangu hata hakugeuka. Alipeleka mkono nyuma ya mgongo, chupa ikatua kiganjani kama alikuwa ameiagiza. Jirani yangu wa kaunta akapiga kaunta yake kofi moja, pa! Nami nikapiga. Akafuata mwingine, mpaka safu nzima ikawa inanguruma na wateja wanapiga vishikio vya matoroli. Tangu hapo ikawa desturi yetu: kitu kikidakwa kabla hakijagusa sakafu, kaunta zinapigwa. Meneja alikuwa akitoka ofisini amekunja uso, eti tunatisha wateja, lakini mdomo wake ulikuwa unacheka pembeni.

Na wifi yangu alizipenda zile kelele, tusifichane. Akidaka kitu asubuhi anatembea kifua mbele mpaka jioni. Akirudi nyumbani anamsimulia kaka: leo nimedaka chupa ya siki, leo nimedaka trei ya mayai na hakuna yai lililopasuka. Kaka yangu ni fundi cherehani, anashonea chumba cha mbele. Alikuwa anasikiliza huku anakanyaga mashine yake, na kila akifika mwisho wa mshono anasema, "Hongera, mke wangu."

Mkuu wa stoo wakati huo alikuwa Mzee Funguo. Alining'iniza funguo zote za duka kiunoni kwenye pete moja ya chuma, ukawa unamsikia kabla hujamwona. Ndiye aliyemfundisha wifi yangu kazi, na somo lake lilikuwa moja tu: "Mali haigusi sakafu." Ukivunja kitu hakugombezi. Anakuuliza kwa upole, "Vimevunjika vingapi?" na upole ule unauma kuliko matusi. Watu wa stoo walimpenda kama baba yao.

Basi asubuhi moja paleti ya sabuni ya unga ikaanza kulala upande. Nailoni yake ilikuwa imelegea. Mzee Funguo akaikimbilia, akaweka mgongo wake pale, akaizuia. Na aliizuia kweli! Zile katoni zilimshukia taratibu, zikamkalisha chini, zikamlalia nyonga. Walipokuja kuzitoa, sabuni zote zilikuwa nzima. Mzee hakuwa mzima. Alibebwa kwa machela mbele ya kaunta zetu, funguo zikilia kiunoni, na siku hiyo hakuna aliyepiga kaunta. Mimi nilikasirika mpaka mteja akaniuliza amenikosea nini. Sabuni, jamani! Mtu mzima na nyonga yake, kwa ajili ya sabuni!

Haukupita muda, kampuni ikaleta miwani. Nasema miwani, lakini si ya kusomea gazeti. Ni dude jeusi linalofunika uso kuanzia kwenye paji mpaka puani, lina mkanda wa kichwani, na ukilivaa huoni tena mahali ulipo. Unaona stoo nyingine ya kutengenezwa. Ukigeuza kichwa nayo inageuka, ukitazama chini unaiona sakafu yake. Unashika vishikio viwili, na humo ndani vinakuwa mikono yako. Aliyeleta ni binti mmoja mwembamba mwenye begi la magurudumu, tukamwita Mwalimu. Alituambia kitu chenyewe kinaitwa uhalisia pepe. Tukamshukuru, tukaendelea kukiita miwani.

"Humu ndani," Mwalimu alisema, "utaanguka bila kuumia na utaangukiwa bila kuumia, mpaka mwili wenyewe ujue la kufanya. Ili siku ya kweli usiumie."

Wifi yangu alikunja mikono kifuani. "Mwalimu, ajali haina kinga."

"Nyingine inayo, dada. Ndiyo maana nimekuja."

Meneja naye akasimama akatangaza lake. Asiyefaulu miwani hafanyi kazi stoo, anahamia mbele. Na kiti cha Mzee Funguo atapewa mmoja wa watakaofaulu.

Sasa sikilizeni vizuri, maana jambo lote liko hapa. Kile kiti wifi yangu alikitaka, na alikitaka waziwazi, bila kujifanya hataki. Tangu Mzee aondoke, ni yeye aliyekuwa anapokea magari ya mzigo, anapanga, anagombana na madereva, anafunga kwa funguo za akiba za meneja. Kaka alikuwa ameshamshonea koti la ukuu: la bluu, lenye kola, na mfuko mmoja wa ndani aliouimarisha kwa kitambaa cha turubai, wa kutia funguo. Lilikuwa linaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Nilimwambia kaka, wahenga walisema usikate kanzu mtoto hajazaliwa. Akanijibu kwamba hiyo si kanzu, ni koti.

Na akishindwa je? Anakuja mbele kutia bidhaa kwenye mifuko, nyuma ya kaunta yangu.

"Nisimame nyuma ya wifi nimfungulie mifuko?" alisema mbele yangu, mkavu kabisa. "Afadhali nikauze maji barabarani."

"Na mimi nikusikie ukipumua kisogoni kwangu siku nzima?" nikamjibu. "Faulu, nakuomba."

Jaribio la kwanza lilifanyika ofisini kwa meneja, meza imesukumwa ukutani. Kulikuwa na televisheni iliyoonyesha kila anachokiona aliyevaa miwani, nasi wa mapumziko tukajibana mlangoni tutazame. Alianza vizuri, mwanamke yule. Akakuta maji sakafuni, akaweka alama ya tahadhari. Akakuta ngazi iliyolegea mguu, akakataa kuipanda. Akakuta katoni nzito, akapiga magoti, akaikumbatia tumboni, akainuka na mgongo ulionyooka. Meneja akawa anatikisa kichwa kwa kuridhika. Halafu, juu kushoto, paleti ikaanza kuinama.

Wifi yangu akaruka. Sisemi kwamba aliinua mkono. Aliruka, mzima mzima, akatua juu ya feni ya meneja na feni ikalalia mafaili. Kwenye televisheni kukawa kwekundu kote.

"Nimezidaka!" akapiga kelele, bado kavaa lile dude, nywele zimesimama. "Nimezidaka zote!"

"Umezidaka, dada," Mwalimu akasema. "Na umekufa."

Loo! Tulicheka mpaka mwenzangu mmoja akakaa chini. Nilicheka na mimi, nitafanyaje? Wifi alivua ile miwani akatutazama mmoja mmoja kama anayeandika majina.

Lakini kicheko kina mwisho wake. Alirudia kesho yake, akafa. Akarudia tena, akafa kwa mkono mmoja badala ya miwili. Wenzake wa stoo, hata yule bwana wa toroli la paleti ambaye kila siku amechelewa na kila siku ana haraka, walishapita. Yeye kila kitu anakiweza, ila zile katoni zikiinama tu, mikono inatoka. Mwalimu alikuwa na subira ya ajabu. Alimkalisha, akamwambia, "Mikono yako haijui uzito. Ikiona kitu kinaanguka inakwenda tu, iwe chupa ya jemu, iwe nusu tani. Usibishane na kitu kinachoanguka. Rudi nyuma, kiache." Wifi anaitikia, anavaa miwani, anakufa. Mwisho Mwalimu akasema jaribio la mwisho ni Ijumaa, baada ya hapo anafunga begi lake.

Nilimfariji njiani, nikamwambia kuteleza si kuanguka. Akaniambia kwenye ile miwani kuanguka ni kuanguka.

Basi tukafanya mazoezi nyumbani. Mimi niliketi kwenye kochi, kaka kwenye mashine, yeye katikati ya chumba, na kazi yetu ikawa kuangusha vitu ili yeye aviache. Nikaangusha kijiko, akadaka. Nikaangusha kiatu nyuma yake, akadaka. Kaka akaangusha kibunda cha uzi bila kutazama, akakidaka kikiwa bado karibu na meza. Tukamfunga mikono kwa nyuma na futi ya kupimia nguo. Nikaangusha kopo la plastiki, akalizuia kwa goti, likaruka, akalibana na kidevu.

"We mwanamke!" nikamaka. "Hivi hiyo mikono ina wazimu?"

Nilidhani atanirudishia maneno, maana kwa maneno tumelingana. Badala yake akakaa chini, futi bado imemfunga, akalia. Si kilio cha sauti, ni kile cha mabega. Akasema, "Nikiacha kitu kianguke, naona mimi ndiye nimekivunja. Namsikia Mzee ananiuliza vimevunjika vingapi. Na nikishindwa Ijumaa, lile koti mtalivalisha nani?" Nikajisikia vibaya sana. Nikamfungua mikono, nikamtafutia kitambaa, na nilivyo mimi nikaanza kuitukana kampuni, miwani, na aliyegundua paleti.

Kaka aliacha kukanyaga mashine. Huyu ni mtu wa maneno machache, mpaka ukitaka maoni yake unangoja uzi ukatike. Akasema, "Mimi nilianza kukupenda ukiwa golini. Unakumbuka?"

"Si wakati wake sasa," nikamwambia.

"Nyamaza, wewe. Mke wangu, mpira uliokuwa unakwenda nje ulikuwa unaufanyaje?"

Wifi akafuta pua. "Wa nje? Wa nje siufuati. Nikiugusa naharibu, unakuwa kona. Nainua mikono juu, mabeki wangu waone kwamba nimeuacha, nausindikiza kwa macho."

"Basi."

"Basi nini?"

"Basi hizo katoni," kaka akasema, "zote zinakwenda nje."

Mimi roho iliniuma kwamba si mimi niliyelisema. Wifi akasimama taratibu, akajipangusa sketi. Kaka akasukuma kibunda cha uzi ukingoni mwa meza kwa kidole kimoja. Kikaanguka. Na wifi yangu akainua mikono yote miwili juu, akarudi nyuma, akapaza sauti, "Nje!" Kile kibunda kikajiendea zake chini ya kochi na uzi wake wote, wala hakuna aliyekifuata.

"Tena!" akasema.

Tukaangusha kila kitu. Nje! Nje! Mimi nikanogewa, nikachukua kikombe changu cha maua, kile ambacho hakuna mwingine anayeruhusiwa kunywea, nikakiachia nikiwa na uhakika kabisa kwamba hiki atakiokoa. Akainua mikono. Kikapasuka vipande.

"Hicho kilikuwa cha kudaka!" nikapiga kelele.

"Nje, wifi," akasema, na uso wake wote ulikuwa unacheka. Kikombe hicho bado hajanilipa.

Ijumaa ilipofika tulibanana mlangoni tena, ila safari hii hakuna aliyecheka. Maji, ngazi, katoni nzito, vyote akavipita. Paleti ya juu kushoto ikaanza kuinama. Nikafumba macho. Nikasikia, "Nje!" na nikafumbua nikamwona amesimama kwa nyuma, mikono juu, anazisindikiza katoni kwa macho humo ndani ya lile dude mpaka ya mwisho ikatulia. Televisheni ikawa ya kijani. Mwalimu alisema amefundisha maduka mengi na hajawahi kuona mtu akifanya vile, kisha akamkumbatia. Nilipiga mlango wa ofisi kwa kiganja mpaka kikaniwasha.

Meneja alimpa mkono, lakini kiti hakumpa. Alisema, na hakusema kwa ubaya, "Mama, kwenye miwani hakuna kinachovunjika kweli. Nataka nione mwili wako ukisikia kishindo cha kweli. Kwa sasa kaimu." Wifi akarudi nyumbani, akalitazama koti kwenye msumari, akaliacha palepale. Lakini stoo aliigeuza chuo. Kila asubuhi kabla ya mzigo kuingia aliwasimamisha wenzake katikati, anaangusha boksi tupu, na wote wanainua mikono na kurudi nyuma: "Nje!" Sisi wa kaunta tulikuwa tunawasikia kupitia pazia, tunatazamana, tunasema hawa wamerogwa. Zamu yetu ya miwani ilikuwa bado haijafika.

Sasa ngojeni niwaambie ya siku yenyewe.

Ilikuwa asubuhi, duka limejaa. Karatasi za risiti zikaniishia. Nikaenda stoo mwenyewe, nikapenya pazia, nikaenda moja kwa moja kwenye rafu zinakokaa karatasi, nikainama kuzichukua. Yule bwana wa toroli la paleti akakata kona na mzigo wa maji ya chupa, kwa ile haraka yake, na pembe ya paleti ikapiga mguu wa rafu. Kishindo kile nilikisikia kwenye meno. Nikainua kichwa. Juu yangu, kwenye ngazi ya mwisho, kulikuwa na katoni za sosi ya nyanya za chupa za kioo, zimepangwa mpaka darini. Zilikuwa zinainama.

Na mimi nikafanya nini? Mimi niliyecheka pale ofisini? Nikatupa karatasi nikanyoosha mikono juu kuzidaka. Haki ya Mungu tena, paleti nzima ya sosi, na mimi na viganja vyangu! Wala sikufikiri. Mikono ilikwenda yenyewe.

"NJE!"

Kitu kikanikamata nyuma kwenye mikanda ya aproni, kikanivuta kwa nguvu ambazo sijawahi kuvutwa tangu nizaliwe. Miguu ikaniacha. Nikaanguka chali juu ya lundo la karatasi za chooni na wifi yangu chini yangu, na palepale dunia ikapasuka. Zilishuka zote. Zilishuka na paleti yenyewe, na chupa zikawa zinalia moja baada ya nyingine muda mrefu hata baada ya mbao kutulia.

Neno langu la kwanza, na nalitaja ili mjue nilivyo, lilikuwa: "Umenichania aproni!"

Halafu nikatazama pale nilipokuwa nimesimama. Karatasi zangu za risiti zilikuwa chini ya ubao wa paleti, zimebanwa bapa. Ubao ulikuwa umeingia kona ya rafu ya chini, na ile rafu ya chuma ilikuwa imekunjika. Nikamshika wifi yangu shingoni, nikalia kwa sauti kubwa kabisa bila aibu, nikamwambia nakupenda, wewe mwanamke, nakupenda, na kikombe nimekusamehe. Hilo la kikombe nililiondoa baadaye.

"Umeumia?" akawa ananiuliza. "Miguu inasogea? Niambie, wifi, inasogea?"

Sosi ilikuwa imetapakaa sakafu nzima, imerukia kuta, imetupaka sote. Na watu wa stoo, kila mmoja pale alipokuwa, walikuwa wamerudi nyuma na kusimama mikono juu, hata bwana wa toroli, mgongo kwenye ukuta, midomo inamcheza. Ndipo meneja akaingia mbio. Akaona wekundu kila mahali, akaona watu wamenyoosha mikono juu, naye akainua yake.

"Wako wapi?" akanong'ona. "Wana bunduki?"

"Ni sosi, bosi," wifi yangu akasema kutoka kwenye karatasi za chooni. "Ilikuwa inakwenda nje."

Meneja akashusha mikono. Akatazama juu kwenye rafu tupu. Akatazama ule ubao na kile chuma kilichokunjika, kisha akanitazama mimi. Hakuuliza chochote kuhusu chupa. Alikwenda kwenye meza ya bati pale mlangoni, inapopokelewa mizigo, akainua kiganja akaipiga, pa! Akapiga tena. Watu wa stoo wakaanza kupiga rafu. Nje, wenzangu wa kaunta wakasikia. Wakapokea, wa kwanza, wa pili, safu nzima, na wateja na matoroli yao, duka lote likanguruma, nao walikuwa hawajui hata kimedakwa nini. Hakikudakwa kitu. Chupa nzima pale ndani hukuipata hata kwa dawa. Tangu nianze kazi, hiyo ndiyo mara ya kwanza kaunta kupigwa kwa vitu vilivyovunjika, na wifi yangu amekaa katikati ya sosi analia na kucheka kwa pamoja.

Wiki iliyofuata Mzee Funguo alikuja na mkongojo wake. Meneja alikuwa amemwomba akabidhi mwenyewe. Sakafu ya stoo ilishapigwa deki lakini kwenye kona bado palikuwa na uwekundu kidogo. Mzee alikiendea kile chuma kilichokunjika, akakipapasa kwa muda mrefu. Watu wote wa stoo wapo, na sisi wa kaunta tumeacha foleni tukajazana kwenye pazia. Wifi yangu amevaa koti la bluu. Kaka naye alikuwepo, ameacha mashine yake kwa mara ya kwanza katikati ya wiki, anatazama mishono.

"Vilivunjika vingapi?" Mzee akauliza, kwa upole wake uleule.

Wifi akashika kola ya koti lake. "Vyote, Mzee."

"Na watu?"

"Hakuna, Mzee. Hata mmoja."

Yule mzee akaegemea mkongojo, macho yamemjaa maji. "Nilikufundisha vibaya, mwanangu," akasema. "Umejifundisha vizuri." Akaiondoa ile pete ya funguo kiunoni, akainyoosha mbele kwa mkono unaotetemeka. Na ulitetemeka zaidi ya alivyotegemea. Pete ikamponyoka.

Bwana wa toroli tayari alishainua mikono juu. Lakini wifi yangu alizitazama zile funguo kwa jicho moja la haraka, akajitupa mbele kwa goti, akapitisha mkono chini kabisa, akazinyaka zikiwa zimekaribia ncha ya kiatu cha Mzee.

"Hiyo ilikuwa ya golini," akasema.

Akazitia kwenye mfuko wa ndani wa koti, ule wa turubai, zikakaa sawasawa. Mimi ndiye niliyepiga wa kwanza, kwenye mlango wa jokofu la maziwa, na wengine wakafuata. Halafu tukarudi mbele upesi, maana foleni ilikuwa imefika mlangoni na wateja walishaanza kuuliza kama hili duka lina wenyewe.